Fumua, Wifi

"Fumua," alisema Mama Kesho, akalirudisha shati la mtoto kwa ncha za vidole kana kwamba linanuka.

"Lote?"

"Kola tu. Imelala upande. Mtoto akilivaa, watu watadhani ameamka na shingo mbovu."

Wifi yake alicheka kidogo, akalikunja shati, akalitia mfukoni. Hakubisha. Zamani angebisha mpaka majirani watoke nje.

Mama Kesho alimsindikiza hadi mlangoni, akamtakia njia njema, akafunga komeo. Kisha akacheka peke yake mpaka akashika ukuta.

Jina la Mama Kesho hakupewa na wazazi. Alipewa na huyohuyo wifi, mke wa kaka yake, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima. Ukubwani alikuwa ameingia madarasa ya jioni kujifunza ushonaji, akawapita hata wasichana wadogo. Akanunua cherehani, akaifunika. Kwanza alisubiri meza nzuri. Meza ikaja, akaona taa haitoshi. Taa ikaja, akaanza kuwazia kibao cha dukani: kiwe cha rangi gani? Na wateja wasipopenda kazi yake, je? Na wakiipenda halafu vitambaa vikamwishia, je?

Siku ya karamu ya familia mtu alimuuliza, "Sasa duka unafungua lini?"

Wifi akadakia: "Kesho! Huyu kila siku ni kesho, mpaka kiama kimkute anapima meza. Mwiteni Mama Kesho!"

Watu walicheka hadi vinywaji vikamwagika. Kaka yake wa tumbo moja alifuta machozi kwa kicheko. Jina likaganda, na tangu siku hiyo Mama Kesho hakukanyaga tena kwa kaka yake. Alisali sana. Alimwomba Mungu ampe subira, ila hakumweleza ya nini.

Halafu wifi akaja mwenyewe kubisha hodi, kwa aibu. Alikuwa amenunua kicherehani kikuukuu. "Nataka kushona mashati ya watoto niuze. Mwenye kuijua kazi hii ni wewe. Niangalizie tu, wifi yangu."

Hapo Mama Kesho akaiona njia. Hatamtukana, hatamsengenya. Atamwambukiza ugonjwa wake mwenyewe.

"Usiuze hata moja mpaka liwe safi kabisa," alimwambia kwa sauti ya asali. "Mteja akilicheka la kwanza, la pili haligusi."

Ikawa hivyo. Wifi analeta shati, Mama Kesho analigeuza nje ndani, anapitisha kidole gumba kwenye kila mshono. Kasoro hakuzitunga, hakuwa na haja. Jicho lake lilikuwa kali kweli. Mara kwapa linabana, mara tundu la kifungo limezidi, mara pindo limepanda nyuma. "Bado kidogo, wifi. Fumua."

Na sumu ilifanya kazi. Wifi alikonda. Macho yakawa mekundu, ncha za vidole zikajaa alama za sindano. Swali lake la "nianze kuuza lini?" likapotea kabisa mdomoni mwake. Jioni moja alisinzia kitini huku shati lake likikaguliwa.

"Kwani hulali, mpenzi?"

"Nalalaje, wifi? Nikifumba macho naona mashati."

"Pole jamani," alisema Mama Kesho, na moyoni akapiga vigelegele. Hali hiyo aliijua vizuri: kulala chali gizani, ukijutia makosa ambayo hujayafanya bado.

Wifi alipiga mwayo. "Kile kicherehani chenyewe nakiuza. Hakinifai tena."

Mama Kesho aliinama haraka, akajifanya anaokota uzi.

Kesho yake alijipamba kama mtu anayekwenda harusini, akaenda kwa kaka yake bila taarifa. Alitaka amkute wifi analia. Angemkumbatia, amfariji, kisha akinunue kicherehani, akakiweke kando ya cherehani yake, vyote viwili vikae vimefunikwa hadi siku ya kufa kwake.

Alipoingia uani alisikia mngurumo. Akausukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Cherehani za umeme, mpya, zimejaa chumba kizima, kila moja na fundi wake, wote wasichana. Ukutani mashati ya watoto yamepangwa mpaka darini. Msichana wa karibu na mlango alisimama, akamfutia kiti.

"Karibu, mama. Bosi ametoka, kapeleka mzigo madukani. Tumwambie nani?"

"Mwambieni... wifi yake."

Mashine zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Wasichana wote wakasimama.

"Mkaguzi!" mmoja alisema, akampokea mkoba kwa mikono miwili. "Jamani, mkaguzi wetu ndiye huyu! Kila mtindo mpya, shati la kwanza linakuja kwako, mama. Ukishataja kasoro tunarekebisha, ndipo tunashona mengine. Hakuna duka linaloturudishia mzigo siku hizi."

"Na... ameanza kuuza lini?" Sauti ya Mama Kesho ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Bosi? Siku ileile ya kwanza alipokuletea shati. Shati lile aliliuza njiani akitoka kwako, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake."

Wasichana wakacheka. Mama Kesho akakaa.

"Zamani tulitaka tuje kukushukuru, mama," yule wa kwanza alisema, akimmiminia maji. "Bosi akatukataza. Alisema siku utakayojua unatusaidia, utaacha."