Banda la Mninga

Palikuwa na Mbwa aliyechoka kulowa. Malazi yake yalikuwa gunia kuukuu mlangoni pa jiko, ambapo watoto walimkanyaga mkia wakipita na kumdondoshea ukoko wa wali.

"Nijengee banda, bwana wangu," aliomba kila siku, hadi akakubaliwa. Akasimamia kazi mwenyewe. Mbao laini alizinusa akazikataa. Akataka mninga, ambao mchwa hawauwezi. Akataka matofali chini, bati jipya juu, na mlango usioelekea upande wa upepo.

Mbuzi, jirani yake mdadisi, alilizunguka banda mara moja. "Ndugu yangu, mbona komeo liko nje?"

"Wewe tafuna majani yako. Mimi nataka kitu cha kudumu."

Kulipokucha, bwana alimfungia humo. "Mbwa aliyezoeana na watu mchana hawi mkali usiku," alisema. Kutwa nzima Mbwa alichungulia kwenye upenyo wa mbao: watoto wanacheza, ukoko unadondoka, Paka amelalia gunia lake. Giza lilipoingia na mvua ikaanza, komeo likafunguliwa. "Toka, kalinde!"

Ikawa hivyo kila siku. Masika ya tatu, Mbwa aliwaona Mchwa wakipita kando ya banda. Akawanong'oneza kwa upole, "Karibuni, jamani. Mbona hamjaanza kula?"

Mkubwa wao akatikisa kichwa. "Tumejaribu, mzee, mpaka meno yametuishia. Ulichagua vizuri mno."