Kila Amri na Sababu Yake

Kioo cha kompyuta ya baba kilikuwa kimeelekezwa ukutani, na kwa miaka hakuna aliyeona haja ya kukigeuza. Baba mwenyewe haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya jicho la kulia, mwaka uliofuata ikarudi kuchukua la kushoto, na tangu hapo barua pepe zake husomewa na sauti ya mashine, sauti kavu ya kike aliyoipachika jina la mke mdogo.

"Huyu hachoki kusema wala hanuni," alipenda kuwaambia wageni. "Mngenipa mapema."

Programu yake ya barua haikuwa na picha wala mapambo. Ilikuwa maandishi matupu juu ya weusi, pamoja na faili moja ndefu ya mipangilio ambayo baba aliiandika mwenyewe kwa kupapasa kibodi: barua ipi isomwe kwanza, ipi isubiri, matangazo yatupwe wapi. Miaka thelathini na mmoja alipanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji, na mazoea ya kiwandani hakuyaacha. Juu ya kila amri aliandika mstari mmoja wa kueleza kwa nini ameiweka.

"Amri bila sababu ni ubabe tu," alisema.

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, binti yake alikigeuza kioo.

Alitaka kumfurahisha. Kaka yake, ndugu yake wa pekee, alikuwa kwenye meli za mizigo, huko ambako simu haishiki na barua pepe ndiyo kamba pekee ya kumvutia. Mwaka wa tatu sasa, kimya. Binti aliandika kila mwezi, na kila mara akitumia anwani ya baba, kwenye kibodi yake, mke mdogo akimsomea maneno, maana baba ndiye aliyemshauri: "Andika kutoka kwangu, mama. Barua ya mzazi ina uzito."

Kaka, njoo ukae na baba japo miezi sita, nimeitwa kazini. Kaka, nafasi yangu kapewa mwingine. Kaka, mchumba wangu kachoka kungoja, harusi haipo tena. Kaka, nimeitwa tena.

Hakukuwa na wa kumwachia. Baba alihitaji sindano ya sukari asubuhi na jioni, na wauguzi wawili wa kukodi aliwafukuza kabla hawajavua viatu. "Mgeni hanishiki mimi," alisema, mambo yakaishia hapo.

Hii nafasi ya sasa, ya ukunga, katika hospitali ya mji wa pili, ingemngoja mpaka Ijumaa. Binti alikuwa na miaka thelathini na minane. Matroni alimwambia kwenye simu bila kuzunguka: "Dada, hatutakuita mara ya tatu."

Na kila walipomaliza kula, baba alimuuliza mke mdogo kama kuna barua. Mke mdogo alisoma za kampuni ya maji, za wastaafu wenzake, za mtu anayeuza magodoro. Kisha baba alishusha pumzi na kupapasa mkono wa bintiye mezani.

"Kaka yako ametusahau, mama. Tumebaki mimi na wewe."

Basi binti akaamua kuipa barua ya kaka mlio wake. Kengele ya peke yake, kali, ili siku ikiingia baba aisikie hata akiwa bafuni. Alimnyamazisha mke mdogo, akafungua mipangilio. Baba alikuwa barazani, anaota jua.

"Mbona bibi kanyamaza?" aliuliza kutoka huko.

"Nampumzisha, baba. Kuna kitu kizuri nakuwekea. Utaona."

"Nitaona? Mimi?"

"Haya, utasikia!"

Baba alicheka. Halafu kicheko kikakatika.

"Unaweka wapi?"

"Kwenye mipangilio yako."

Kiti kilikwaruza sakafu. "Usiguse humo. Utaniharibia."

"Siharibu, naongeza mstari mmoja tu."

"Toka hapo, nimesema!"

Fimbo ilianza kugonga ukuta wa ukumbini, upesi kuliko kawaida yake. Binti alitabasamu. Wazee na vitu vyao. Hakujua amri mpya aitie wapi, akaona atafute kwanza kama anwani ya kaka imetajwa popote. Aliiandika herufi kwa herufi, akabonyeza.

Hakutegemea kupata kitu. Faili ikaruka mpaka mstari wa mia na kumi na mbili.

*Barua zote kutoka anwani hii: zifutwe kabla ya kusomwa. Barua zote za kwenda anwani hii: zisitoke.*

Akarudia kusoma. Kisha macho yake yakapanda mstari mmoja juu, mahali baba alipozoea kuweka maelezo.

*Akija yeye, huyu ataondoka.*

Fimbo ilifika mlangoni, ikasimama. Baba aliinamisha kichwa upande, akavisikiliza vidole vya bintiye visivyogonga tena kitu.

"Sababu nimeiandika," alisema. "Msamaha siombi."