Dawa Aliyomgawia Mumewe

Daktari alimwaga mezani dawa zote zilizokuwa kwenye mfuko, akaokota kapsuli moja ya vidonda vya tumbo.

"Hii nani alimwandikia mzee?"

"Hiyo ni yangu," alisema Bi Mwanaidi. "Tangu aanze dawa ya moyo alikuwa halali kwa kiungulia. Nikamgawia."

"Kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

Kitandani, Kibwana aligeuza shingo. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza tangu wiki iliyopita, na maneno yalimtoka kwa taabu.

"Usimgombeze mke wangu, daktari. Mimi ndiye mlafi wa pilipili."

Daktari hakucheka. Alieleza polepole kwamba dawa ya moyo ndiyo iliyokuwa ikizuia damu ya mzee isigande, na kwamba hii ya tumbo inaweza kuipunguzia nguvu. Zipo nyingine za tumbo ambazo zingemfaa.

"Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomletea kiharusi, mama. Lakini mngetuuliza kwanza."

Bi Mwanaidi aliinamisha kichwa. "Mimi zilikuwa zinanituliza," alisema. "Nikajua na yeye zitamtuliza."

Kibwana alimtazama mkewe.

"Wanakupa kapsuli thelathini kwa mwezi," alisema. "Mimi nilikuwa nameza moja kila siku. Wewe ulikuwa unameza nini?"

Bi Mwanaidi alisogea kitandani. Aliuchukua mkono wa kulia wa mumewe, mkono uliomshonea gauni la harusi, akaanza kuvinyoosha vidole kimoja kimoja. Kila alipokiachia kimoja, kilijikunja tena.