Kombe Moja Ndani ya Ndoo

Siku ya tatu mashine ilikuwa bado inazunguka, na ndani mlikuwa na kombe moja tu.

Rosalie alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono kiunoni, akiisikiliza ikinguruma. Mume wake, Murhula, aliitengeneza mwenyewe: mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, ndoo ya rangi, mkanda wa cherehani. Shofa mmoja wa lori alimletea makombe ya baharini, gunia zima, kutoka Dar es Salaam. Murhula aliyaloweka katika maji ya javel ya kuondolea madoa, akayasugua kwa mswaki, akayatia ndooni pamoja na mchanga na sabuni. Yalitoka yaking'aa, na wanawake wa soko la Nyawera waliyagombania kwa ajili ya hereni. Makombe mia kwa siku mbili. Sasa kombe moja, siku tatu? Hapana, bwana. Hapo palikuwa na mtu.

"Ile moja iko ya nani?" aliuliza.

"Iko ya mutu."

"Mutu iko na jina."

Murhula alicheka tu, akafungua ndoo. Safari hii hakutia mchanga, eti ungelivunja. Alitia maganda ya mpunga wa Luvungi, laini, na kila asubuhi alilitoa kombe lile, akalipangusa kwa kipande cha kitenge, akaliangalia kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha. Lilikuwa pana kama kiganja, lenye mistari iliyofunguka kama upepeo. Miaka kumi na moja ya ndoa, na Rosalie hakuwahi kuangaliwa namna ile! Kwa wivu aliiacha chai yake ipoe mezani.

Kombe la umbo hilo alilijua. Padri alitumia la namna hiyohiyo kumwagia Aimée maji kichwani, kisha Rosette, binti zao wawili. Kombe la ubatizo! Na katika nyumba hii nani wa kubatizwa? Hakuna. Basi kulikuwa na nyumba nyingine.

Akaanza kuunganisha mambo. Huu ulikuwa mwaka wa pili, kila Jumamosi Murhula anaenda Mudaka kutengeneza redio ya muzee mmoja. Jamani, redio gani inaharibika kila Jumamosi? Na akirudi anakuwa mpole, anaimbaimba chini chini. Halafu mama yake, asiyechoka kuuliza mjukuu wa kiume atazaliwa lini, siku hizi alikuwa kimya kabisa. Kimya hicho Rosalie hakukipenda hata kidogo.

Ijumaa akamnasa nyuma ya nyumba, simu sikioni.

"Bintu, ile nguo nyeupe ulishaimaliza?... Eeh. Jina ni Nathanaël, siwezi kubadilisha. Ambia padiri aache kile kikombe cha plastiki, mi nitaleta kombe. Dimanche, saa tatu... Apana, bibi yangu asijue kwanza."

Nathanaël! Mvulana, na jina tayari!

Rosalie aliketi juu ya gunia la makombe. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa hata mtoto. Ndoa yake ilikuwa ya ng'ombe tu: baba yake alipokea mahari, bia ikanyweka, basi. Kila Jumapili wenzake wakipanga mstari wa komunyo, yeye, asiye na ndoa ya kanisa, hubaki kwenye benchi akijifanya anatafuta kitu ndani ya sakoshi yake ya mkononi. Kila alipomwomba Murhula waende mbele ya padri, jibu lilikuwa lilelile: "Maman Aimée, itafika." Murhula mwenyewe humsindikiza hadi mlango wa kanisa, kisha hubaki nje na watu wa pikipiki kuzungumza mpira. Leo hii anaingia kanisani kwa ajili ya mwanamke mwingine! Na huyo akishaingia naye, Rosalie asiye na pete atafukuzwa, na nani atauliza?

Jumapili Murhula alivaa koti lake la pekee, akalifunga kombe katika kitambaa, akasema redio ya muzee imekufa tena.

"Leo dimanche?"

"Si muzee anapenda kusikiliza misa."

Rosalie alimwacha apande pikipiki. Yeye akapanda ya nyuma yake.

Huko Mudaka kanisa lilikuwa limejaa. Alimwona mara moja: benchi la mbele kabisa, na ubavuni pake mwanamke mwenye kilemba, bila shaka yule Bintu wa simu, amepakata kitu kilichoviringishwa kwa nguo nyeupe. Walinong'onezana. Mwanamke akampigapiga Murhula begani, taratibu, kama mtu mwenye haki naye. Lahaula! Rosalie hakungoja wimbo uishe. Alipita katikati ya kanisa, viatu vikigonga saruji.

"Padiri! Mbele ya kumwanga ile maji, watu bote bajue! Ule mutoto ni wa bwana yangu!"

Wimbo ukakatika. Murhula alisimama, mdomo wazi.

"Maman Aimée..."

"Nyamaza! Kila mwaka unaniambia itafika, itafika. Kumbe ilishafika, huku Mudaka!"

Akamnyang'anya mwanamke kile kifurushi. Kilikuwa chepesi mno. Nguo ikajifungua mikononi mwake, ikashuka, ikashuka, hadi pindo likagusa sakafu: kanzu nyeupe ya mtu mzima, tena mtu mrefu, na ndani yake hakuna kitu.

Padri akakohoa.

"Nathanaël," akaita, "miaka miwili Bintu amekufundisha dini, sasa sogea."

Murhula akavua koti, akampita mke wake, akainamisha kichwa chenye mvi juu ya beseni la maji.