Kigingi cha Bibi Mwamvua

Bibi Mwamvua alikuwa amekalia kigingi, na hakutaka kuinuka.

Kigingi chenyewe kilikuwa kijiti tu, kimefungwa utepe mwekundu, ukingoni mwa migomba yake. Kilionyesha mahali pa kuchimba shimo la nguzo ya mwisho. Bibi alikuwa ametandika khanga juu yake, amekunja miguu, anatazama upande wa reli kama mtu anayesubiri treni.

"Sogezeni kidogo," alisema. "Kidogo tu, wanangu. Pale kwenye kichuguu."

"Shikamoo, bibi," alisema Makarius, mmoja wa wachimbaji. "Umeme haukati kona kama ng'ombe. Tukiupindisha, waya hautafika zahanati."

"Marahaba. Basi uishie hapo ulipofika."

Beda hakumwamkia. Tangu mwaka juzi hakuwahi kumwamkia, na kijiji kizima cha Munisagara kilijua sababu.

Beda alikuwa mwenyekiti wa wakulima. Kwa miaka mingi waliona nyaya za umeme mkubwa zikipita juu ya mahindi yao kwenda mjini, wao chini wakiwasha koroboi. Mwishowe wakachoka kusubiri. Waliuza mahindi na ufuta, wakanunua mtambo wa kuzungushwa na maji ya kijito kishukacho mlimani. Wakakata miti yao wenyewe kuwa nguzo, na kila kaya ikachimba mashimo. Wengine walitaka mashine ya kukoboa. Makarius alisema yeye anataka taa tu, mkewe amwone vizuri usiku, akimbie. Beda alitaka mwanga katika chumba cha kujifungulia pale zahanati. Basi.

Mwaka juzi mkewe, Happiness, alishikwa na uchungu wakati yeye yuko sokoni Dumila anauza nyanya. Zahanati ilikuwa giza, imefungwa. Bibi Mwamvua, mkunga wa siku zote, alimzalisha kwa koroboi. Mtoto hakulia. Beda aliporudi, wanawake walikuwa wameshamaliza kila kitu, na kwa mila yao baba hakuambiwa zaidi. Hata msalaba wa shaba aliomnunulia mkewe aushike wakati wa uchungu haukuonekana tena. Moyoni mwake Beda alijua ni nani aliyeuchukua.

Sasa Happiness alikuwa mjamzito tena, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Kila alfajiri Beda alipiga magoti akaomba: Bwana, taa iwahi kabla ya mtoto.

Na mwanamke yule yule alikuwa ameikalia taa.

"Kuna nini hapo chini?" Beda aliuliza.

"Amana ya mtu."

"Ya nani?"

"Si yangu kusema. Niliapa." Bibi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mwite mkeo kwanza, Beda."

"Mke wangu ulishamwumiza vya kutosha."

Wachimbaji waliguna. Mmoja nyuma akalitamka lile neno ambalo wote walikuwa wakilifikiria: mchawi.

Beda akatoa ishara. Wanaume wawili walimshika bibi kwapani, wakamwinua kama gunia la pumba, wakamweka kando. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi chimba taratibu, mwanangu. Taratibu."

Beda alichukua sululu, akachimba kwa hasira. Jasho lilikuwa bado halijamtoka vizuri sululu iliponasa kitu laini. Akaivuta. Ikaja na kifurushi cheusi kwa udongo, kikubwa kama mkate, kimefungwa mafundo mafundo.

Watu wote wakarudi nyuma.

"Mwenyekiti, tukifungue tuone," alisema Makarius.

"Uchawi haufunguliwi. Unachomwa."

Alikirusha kwa ncha ya sululu hadi kwenye kichuguu. Kisha akaenda barazani kwa bibi, akachukua koroboi yake, akakimiminia mafuta yote kile kifurushi, adui yake wa chini ya ardhi.

"Haya mafuta hatuyahitaji tena!" alisema, na watu wakacheka, wakapiga makofi.

Walisali Salamu Maria huku kikiwaka. Kilipokataa kwisha, Beda alikigeuza kwa kisigino cha buti, akakipondaponda kwenye moto. Alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alihisi kwamba Mungu amemsikia.

Bibi Mwamvua alifunika uso kwa viganja. "Inna lillahi," alinong'ona, "wa inna ilayhi rajiun."

"Kafa nani, bibi?" Makarius alimtania.

Nguzo ilisimama kabla ya chakula, imenyooka vizuri, na waliishindilia udongo kwa miguu wakiimba.

Ndipo Happiness alipotokea na sufuria ya makande kichwani, anatembea polepole kwa sababu ya tumbo. Aliiona nguzo kwa mbali, akatabasamu. Aliposogea akaona ilipochimbiwa. Akaona moshi kwenye kichuguu. Akamwona bibi chini.

Sufuria ilianguka. Hakumwuliza mtu yeyote kitu. Alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti kwenye majivu, akaanza kupekua kwa mikono mitupu.

"Mama, acha, utaungua!" Beda alimkimbilia, akamshika bega huku akicheka. "Huo ni uchawi tu. Tumeshauombea, umekwisha."

Happiness alifumbua kiganja. Ndani yake, ukiwa bado wa moto, ulilala msalaba mdogo wa shaba.

"Nilimwekea," alisema, "ili asilale peke yake."