Maagizo ya Ghorofani

Siku mwenye kiwanda cha mikate alipoacha kushuka ngazi, mkewe alishuka peke yake, amekamata ukingo kwa mikono miwili.

"Mzee hajisikii vizuri," aliwaambia wafanyakazi. "Maagizo yatatoka huko huko juu."

Hakuna aliyeuliza. Mzee yule hata kikohozi chake kiliwanyoosha watu. Unga haukuguswa mpaka aseme nani akande na nani achome, na mkate haukuingia tanurini kabla hajabonyeza donge la kwanza kwa dole gumba. Aliwahi kusafiri mara moja tu. Waliobaki waligombea tanuri mpaka mikate ikawa makaa.

Basi kila asubuhi mama alipanda na donge kwenye sahani, akashuka nalo lina alama ya dole.

"Mzee amesema tuanze na midogo. Na Mcheshi atoke kwenye tanuri, akauze kaunta."

"Hatimaye kagundua sura yangu ni mali!" Mcheshi alisema, wenzake wakaangua kicheko.

Kazi ikaenda. Wateja wakaongezeka. Lakini mtu akikanyaga ngazi tu, mama alimkimbilia kumrudisha. Wangejua hali ilivyo huko juu, kila mmoja angejifanya bosi, na kiwanda kingekufa mikononi mwao.

Asubuhi moja Fundi Mkuu, mdogo wake Mzee, alijifuta unga mikononi.

"Shemeji, leo hilo donge nampelekea mwenyewe."

"Amelala."

"Nitamwamsha. Ni kaka yangu."

Mikono yote ikasimama juu ya unga. Mama alimfuata ngazini. Mlangoni akamshika shati.

"Shemeji, nakuomba. Usiingie."

Fundi aliutoa mkono ule taratibu, akaingia, akafunga mlango.

Mama aliegemea ukuta, akatega sikio. Hakusikia neno. Jasho lilimchuruzika mgongoni kama amesimama mbele ya tanuri.

Mlango ulipofunguka, Fundi alikuwa amepauka. Hakumtazama. Alishuka mpaka katikati ya ngazi, mama nyuma yake akingoja kuumbuliwa.

"Nimeongea na kaka," Fundi alisema, sauti inakwaruza. "Amesema amechoka kurudiarudia. Neno la shemeji ndilo neno lake. Asiyetaka, mlango ule pale. Na wewe Mcheshi, amesema upunguze mdomo."

"Haa! Kumbe ananisikia mpaka huko?" Mcheshi alinong'ona, akaanza kufuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

Siku hizi hupanda wote wawili kila asubuhi, mama na shemeji yake, wakaketi ukingoni mwa kitanda kitupu cha mtu aliyechukua begi lake akaondoka bila kuaga, wakapanga kazi ya siku.