Hodi kwenye Mlango wa Gari

Kikohozi kilisikika garini kabla sijagusa mlango. Nikabisha, kama sisi waoshaji wa magari tunavyofanya: "Hodi!"

"Karibu. Mfukuza watu naye hubisha hodi siku hizi?" sauti ya mzee ikajibu.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Viti vya siku hizi huhifadhi sauti ya aliyekufa, na sheria inataka ioshwe mwaka ukitimia. Mkaguzi atakuja saa kumi abishe hodi. Akijibiwa, gari linachukuliwa.

"Osha, mwanangu," alisema Bi Mwanamkasi, mjane wake, akitazama ukuta. "Ila usimmwagie maji ya baridi. Hakuyapenda."

Mtaa mzima wa Makorora hakuna anayenishinda kwa brashi. Nikasugua kiti, zulia, dari. Povu likawa jeusi, sauti ikafifia. Ukabaki mkanda wa abiria, ambao mzee alimfungia mkewe kila safari.

"Kijana," ukanong'ona, "nani atamkumbusha kufunga mkanda? Husahau huyu."

Nikaishusha brashi. Bi Mwanamkasi alikuwa ameziba masikio. Nikachovya brashi.

"Mimi, mzee," nikasema kwa sauti kubwa, ili na yeye asikie. "Kila asubuhi akitoka nitakuwa hapa mlangoni. Nitamkumbusha."